Miezi 11 na gari limau

Haya jamani, maswali ya wasapu yamezidi, kila mtu anauliza ile gari yako nyeupe iko wapi, mbona unakuja kazini na gari ya shemeji yako ile yenye bampa iliyofungwa kwa waya, ukoje wewe, umefilisika? Sijafilisika. Nimeirudisha kwa aliyeitengeneza kwa ile sheria ya limau, ya gari mpya zenye ubovu usiopona, na hela yangu nimerudishiwa, karibu yote, na kwa kuwa nimeshasimulia hii stori mara kumi na kila mara nasahau kipande, naiandika hapa mara moja basi, anayetaka asome.

Jina la kampuni sitaji. Sheria ya California hairuhusu kampuni kukufunga mdomo usiseme gari ilikuwa na ubovu gani, hivyo siyo kwamba naogopa, ila nataka msome kuhusu ubovu wenyewe badala ya kuanza kubishana chapa ipi bora kuliko ipi. Hizi gari ndogo za kifahari ni kama ndugu wa baba mmoja, injini ya lita 2 yenye tabo, skrini kubwa mbele, viti vya ngozi, na magonjwa yao yanafanana kuliko wauzaji wanavyotaka ujue.

Nilinunua mpya kabisa, Septemba 2024, hapa Sacramento, dola 44,000 kabla ya kodi. Mwezi wa kwanza raha tupu. Mwezi wa pili ndo ikanionyesha rangi zake. Natoka shifti ya usiku, saa moja kasoro asubuhi, nimefika makutano nataka kukata kushoto, taa ya kijani ila lazima usubiri wanaokuja, nikaona nafasi, nikakanyaga mafuta, na gari ikakaa. Injini inanguruma, mshale wa mizunguko unapanda, gari haiendi, moja, mbili, halafu ikaruka mbele kama mtu kaipiga teke kwa nyuma. Lori lililokuwa linakuja lilinipigia honi ndefu mpaka nimeshavuka bado naisikia masikioni. Nikapaki pembeni kwenye kituo cha mafuta, mikono inatetemeka, nikasema labda ni usingizi, labda mguu wangu haukukanyaga vizuri. Unajua tunavyojilaumu sisi wenyewe kwanza kabla ya kulaumu kitu cha bei ghali.

Haukuwa usingizi. Iliendelea kufanya hivyo, siyo kila siku, na hapo ndo palikuwa na balaa lenyewe.

Nikaja kujua baadaye inavyotokea. Gari nyingi za aina hii zina giaboksi ya klachi mbili, klachi moja inashika gia za witiri, 1, 3, 5, 7, nyingine inashika za shufwa, na kompyuta inakisia gia gani utaitaka sasa hivi ili iwe imeshaiandaa. Ukiwa haiwei, barabara kuu ya mwendo kasi, inafanya kazi safi sana, gia zinabadilika huhisi kitu. Shida ni mwendo wa konokono, foleni, au pale unapopunguza karibu usimame halafu ghafla unataka kwenda, kompyuta ilikuwa imejiandaa kwa jambo lingine, inabidi ijirudi, na wewe uko katikati ya barabara unaisubiri ifikirie. Halafu kwenye foleni klachi zinateleza teleza, zinapata joto, kusita kunazidi. Kwa hiyo mtu anayeijaribu kwa kuizungusha dakika tano asubuhi gari ikiwa baridi hataona chochote, na hicho ndicho mafundi wa dila, yaani duka linalouza na kutengeneza gari za kampuni hiyo, walichokuwa wanafanya na gari yangu.

Safari ya kwanza kwa dila ilikuwa Novemba, maili 2,940. Hii namba ikumbukeni, inarudi kwenye hesabu huko chini. Jamaa wa mapokezi ya sevisi, kijana mpole, kanipa kahawa, nikamweleza yote, makutano, lori, honi, akawa anaitikia anaandika. Nikasaini bila kusoma. Jioni nyumbani ndo nasoma ile ripea oda, karatasi ya matengenezo wanayokupa, imeandikwa mteja anaulizia kuhusu ubadilishaji wa gia. Anaulizia! Mimi nimesema nimekoswa na lori, yeye kaandika kama nilikwenda kuuliza bei ya matairi. Gari ikakaa siku 2, wakaweka softiwea mpya, wakanirudishia imeoshwa inang'aa.

Kama kuna kitu kimoja cha kubeba kutoka kwenye hii stori ni hicho. Maneno yako yaandikwe kama ulivyoyasema. Usisaini mpaka usome mstari wa malalamiko, na kama wameyapooza waambie wabadilishe hapo hapo, hawatakukatalia, na wakikataa andika kwa mkono wako pembeni kabla hujasaini. Siku ya kudai kampuni haitaangalia machozi yako, itaangalia karatasi, tarehe gari iliingia, tarehe ilitoka, maili ngapi, lalamiko gani, kilifanyika nini.

Safari ya pili Januari, siku 6, majibu tatizo halikuonekana. Nilitoka pale nimenyong'onyea, nikijua hiyo safari imepotea bure. Kumbe haikupotea. Kuna kesi ya California ya mwaka 2001, Oregel dhidi ya American Isuzu Motors, ya mtu ambaye Isuzu yake ilikuwa inavuja oili na dila wanashindwa kuitibu, mahakama ya rufaa ikasema kila mara unapowapa nafasi ya kutengeneza inahesabika kama jaribio, hata kama hawakugusa boliti. Yaani karatasi inayosema hatukuona kitu nayo ni karatasi. Nimeshakutana na Watanzania wawili humu humu Sacramento waliozitupa hizo karatasi kwa hasira. Msitupe!

Safari ya tatu nilikuwa nimeerevuka kidogo. Mpangaji mwenzangu alikaa kiti cha abiria akarekodi video, skrini ya gari inaonekana, mguu wangu unaonekana umekanyaga, mwendo unasoma maili 4 kwa saa na injini inalia. Halafu nikakataa kuacha ufunguo tu na kuondoka, nikamwambia yule kijana nataka fundi apande na mimi baada ya gari kukaa kwenye foleni dakika 20. Akaguna. Fundi mwenyewe, mzee mmoja Mfilipino, akakubali, tukazunguka, na kwenye taa ya nne ikafanya. Hakusema neno, alishika tu dashibodi kwa mkono mmoja. Kwenye ripea oda ya siku hiyo ndo kwa mara ya kwanza ikaandikwa fundi amethibitisha lalamiko la mteja. Siku 11 dukani, wakabadilisha kile kisanduku cha umeme na vali kinachoamrisha gia. Wiki tatu ikatulia, nikaanza hata kuisifia kwa watu, halafu ikarudia. Mei ikaenda tena, siku 14, wakabadilisha klachi zote mbili. Ikarudia.

Sasa kukaa pale kwenye viti vya kusubiria nilijifunza mengi, manake wenye gari wote mnaishia kuongea. Mama mmoja kulanti, yale maji ya kupoza injini, ilikuwa inapungua bila tone chini ya gari. Hilo ni gonjwa la injini nyingi za sasa, nyumba ya themostati na wota pampu vinatengenezwa kwa plastiki, plastiki inapashwa moto inapoa, inapashwa inapoa, mwisho inajikunja au inapasuka kaufa kadogo, kulanti inavujia kwenye injini yenye moto inakauka hapo hapo, wewe unachopata ni harufu ya utamu utamu ukipaki. Ukiipuuza unaunguza gasketi ya silinda hedi na hapo hatuongei tena kuhusu plastiki. Kijana mwingine gari yake inakunywa oili, analalamika anaambiwa ni kawaida, na kweli kuna watengenezaji ambao vitabu vyao vinaruhusu gari mpya kula oili kiasi ambacho mzee wangu nyumbani angeiita injini imekufa. Dawa ni kuomba kipimo rasmi, wanajaza oili, wanafunga kwa alama, unatembea maili walizosema, unarudi wanapima, kila kitu kwa maandishi.

Skrini kuzima nayo ni nyingi mno. Watu wanaona ni usumbufu tu, redio haipo, ramani haipo, lakini kumbukeni kamera ya nyuma iko kwenye skrini hiyo hiyo, na Marekani tangu Mei 2018 kila gari ndogo mpya lazima iwe na kamera ya nyuma kwa sheria, kwa hiyo skrini ikizima ukiwa unarudi kinyume hilo ni suala la usalama, liandikeni hivyo. Kuna betri za volti 48 kwenye hizi haibridi nyepesi, yaani gari za mafuta zinazosaidiwa kidogo na umeme, ikichoka gari inagoma kuwaka na taa zote za onyo zinawaka kama harusi. Kuna sanrufu, yaani paa, za kioo kizima ambazo mirija yake ya kutolea maji inaziba, maji yanashuka ndani ya nguzo mpaka chini ya kapeti, na chini ya kapeti au viti ndiko wameficha vikompyuta, kwa hiyo unalalamika gari inanuka ukungu wiki hii, wiki ijayo vioo havishuki. Breki zinazolia asubuhi, plastiki inayogonga gonga mlangoni, hayo kusema kweli ni kero tu, sidhani yatakufikisha popote.

Kwa sababu sheria haisemi gari ikikuudhi. Inasema ubovu uwe unapunguza kwa kiasi kikubwa matumizi, thamani au usalama wa gari kwako wewe mnunuzi. Moja kati ya hayo matatu linatosha.

Shemeji yangu ndo alinisukuma. Anaendesha malori ya masafa, anajua kila kitu na asichokijua anakijua pia. Nilikuwa nimekaa kwake Jumapili nikamwambia nafikiria niiuze tu.

"Shem, uiuze kwa nani?"

"Kwa yeyote. Kuna hizi kampuni za mtandaoni wananunua siku hiyo hiyo."

"Sasa hasara si yako? Unadaiwa benki zaidi ya watakachokupa. Hilo ni limau hilo, waachie wenyewe walikamue."

Limau ndo jina wanaloita gari ya hivi, na sheria yenyewe wanaiita hivyo hivyo. Jimbo la Connecticut linahesabika la kwanza, 1982, California ilikuwa na sheria yake ya waranti tangu 1970, Song-Beverly, halafu 1982 hiyo hiyo ikaongezewa kipengele cha Tanner ambacho ndo watu wengi wanakijua, kwamba ndani ya miezi 18 au maili 18,000, kinachotangulia, kama wamejaribu mara 2 au zaidi ubovu unaoweza kuua au kujeruhi vibaya, au mara 4 ubovu uleule, au gari imekaa kwao jumla zaidi ya siku 30, basi inachukuliwa kuwa wameshapewa nafasi ya kutosha. Siku siyo lazima zifuatane. Mimi 2, 6, 11 na 14 ni 33. Na ukiwa nje ya hiyo miezi 18 siyo kwamba umekosa, ubovu ukiwa umejitokeza ndani ya waranti bado una madai, ni kwamba tu huo mteremko wa bure huna tena, unathibitisha mwenyewe. Waranti ya hizi gari za kifahari nyingi ni miaka 4 au maili 50,000. Lizi nayo, yaani gari uliyoikodi kwa miaka badala ya kuinunua, inaingia. Ila kisome kitabu cha waranti, wengi wanaandika kwamba lazima umjulishe mtengenezaji mwenyewe moja kwa moja, dila peke yake haitoshi.

Halafu kuna mabadiliko ambayo video nyingi za zamani hazina, na mimi nusura yaniangushe. Tangu 2025 kuna utaratibu mpya, sheria ya jimbo iitwayo AB 1755, ambao watengenezaji wanachagua wenyewe kuingia au kubaki nje, orodha ya walioingia inatolewa na jimbo, angalia yako kwanza kabla ya chochote. Wangu alikuwa ameingia. Kwa walioingia, kesi lazima ifunguliwe ndani ya mwaka 1 baada ya waranti kuisha na isizidi miaka 6 tangu gari ilipokabidhiwa mara ya kwanza, na kama unataka ile adhabu ya ziada, ambayo inaweza kufika mara 2 ya hasara yako kama kampuni ilikaidi makusudi, lazima kwanza uwaandikie taarifa na usubiri siku 30. Wakikubali ndani ya hizo 30 kuichukua gari na kukurudishia hela au kukubadilishia, na wakamaliza ndani ya siku 60, adhabu hakuna. Na gari ubaki nayo, usiiuze kwa hasira siku ya 12.

Nikaandika. Ukurasa mmoja tu, jina, namba ya gari ile ya herufi na tarakimu 17, safari nne kwa tarehe, siku, maili, walichofanya, na sentensi ya mwisho kwamba naomba muinunue tena gari hii kutoka kwangu kwa mujibu wa sheria. Nikaituma kwa anwani waliyoiweka wao wenyewe kwa ajili ya hizo taarifa. Kabla ya kutuma nilimwonyesha wakili mmoja, sikumlipa kitu, manake kwa hizi kesi ukishinda kampuni ndo inamlipa wakili wako. Naye akaniambia jambo la maana, chochote watakachonipigia simu niwaombe wakiandike.

Wakapiga kweli. Dada mwenye sauti ya asali, ofa ya kwanza dola 2,000 taslimu na waranti iongezwe, gari nibaki nayo. Dola 2,000! Usiku ule nilikuwa nimeshachoka, nusu nikubali. Nikamwambia nitumie kwa imeili. Ilipokuja nikaisoma, kwenye fomu kuna mstari unasema nikisaini nimeachia madai yote ya ubovu huu. Yaani nilipwe elfu mbili kuendelea kukoswa na malori. Nikajibu asante, nasubiri jibu la taarifa yangu. Siku ya 26 ikaja ofa ya wao kuinunua tena gari.

Hesabu yake ikoje. Wanarudisha ulicholipa, bei, kodi, usajili, riba ya mkopo, na gharama kama za kukokotwa au kukodi gari nyingine ukiwa na risiti, wakitoa kiasi cha matumizi uliyofaidi kabla ya ubovu. Kiasi hicho ni maili ulizokuwa nazo siku ya kwanza kuipeleka kwa ajili ya tatizo hilo, gawanya kwa 120,000, zidisha kwa bei ya gari. Kwangu 2,940 kwa 120,000, mara 44,000, dola 1,078. Ndo maana nilisema ile namba muikumbuke, kama ningevumilia mpaka maili 12,000 ndo niende, makato yangekuwa dola 4,400. Kuvumilia kwingine ni kujichoma. Kwa watengenezaji walioingia kwenye utaratibu mpya wanakata pia deni la gari ya zamani ulilolibeba ndani ya mkopo, na vitu vya kampuni nyingine alivyokuuzia dila, mimi niliwekewa plastiki ya kulinda rangi ambayo sikuitaka tangu mwanzo, ile hela imekwenda.

Mlioko majimbo mengine msinukuu hizi namba zangu. New York ni mara 4 au siku 30 ndani ya miaka 2 au maili 18,000. New Jersey wanasema mara 3 au siku 20 ndani ya miaka 2 au maili 24,000. Texas unapeleka lalamiko kwa idara yao ya magari, ada dola 35, wanakusikiliza wao. Na juu ya yote kuna sheria ya nchi nzima ya 1975, Magnuson-Moss, inayobana waranti popote ulipo. Wa California mliozoea kununua hizi gari zikiwa zimetumika kidogo, hapo mkae macho kweli, Oktoba 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo, kwenye kesi ya Rodriguez dhidi ya kampuni ya magari ya FCA, iliamua kwamba gari iliyotumika yenye waranti ya kiwandani iliyobaki haihesabiki kama gari mpya kwa ajili ya hii haki ya kurudishiwa au kubadilishiwa, ni mpaka hiyo waranti iwe imetolewa pamoja na mauzo yenyewe. Ile sentensi ya muuzaji kwamba bado ina waranti dada yangu usijali, ijali. Na kabla ya kununua fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu, gari iliyorudishwa kwa sheria hii California inatakiwa iwe na stika pale, na kadi ya umiliki imeandikwa kwamba ilinunuliwa tena kwa sheria ya limau.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Agosti, kwenye uwanja wa dila yuleyule. Kaja jamaa wa kampuni na tableti, kapiga picha kila upande, kasoma odomita, kaniuliza funguo ya pili, na funguo ya pili ilikuwa nyumbani kwenye droo ya vijiko. Ikabidi nirudi nayo, dakika 25 kwenda na 25 kurudi, mchana wa jua kali, foleni ya kutosha, na nakuapia ile gari siku hiyo haikusita hata mara moja. Taa zote, makutano yote, hata pale pa lori, iliteleza kama siagi. Nikafika nimenuna. Jamaa akaingia, akaisogeza mita kama 50 kwenda kuipaki pembeni, akashuka akanipa kalamu nisaini na kuniuliza kwa heshima zote, hivi tatizo lake lilikuwa nini hasa?